Pima Mguu Kwanza, Ubao Baadaye

 Siku hizi Burlington, Lewiston, Portland na kote New England Kiswahili kinasikika sokoni, kanisani, msikitini na kwenye vituo vya basi. 

Theluji inabisha hodi, na ikishaingia watoto wetu hawakai ndani. Wengi wao walifika huku barafu wakiijua ya kwenye friji tu. Leo ndio wanaotuambia kilima gani kimefunguliwa na lifti ipi inafanya kazi. Shule zinawapeleka, rafiki zao wanawaalika, na hapa Burlington upo mpango uitwao Chill, ulioanzishwa mwaka 1995 na Jake Burton Carpenter na mkewe Donna, unaowachukua vijana wa familia zisizo na uwezo na kuwapa vifaa na mafunzo. Mafunzo yanakwisha, kijana kashanogewa, anarudi nyumbani na hoja moja: "Baba, nataka ubao wangu mwenyewe. Na kwa kuwa nina miguu mikubwa, wameniambia ninunue ule mpana."

Leo tuzungumzie huo upana. Msimamo wangu nautaja mapema, ili hata anayezima redio sasa hivi kwenda kazini asiondoke mikono mitupu: upana wa ubao wa theluji unaamuliwa na urefu wa wayo, na wayo hupimwa kwa rula, haukisiwi kwa namba ya raba. Na wengi wanaoambiwa wanahitaji ubao mpana, wanachohitaji kwanza ni buti inayowakaa sawasawa.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1965, mjini Muskegon, Michigan, mhandisi aitwaye Sherman Poppen aliunganisha ski mbili kwa ajili ya binti zake, wakasimama juu yake na kuteremka kilimani. Kitu hicho kikauzwa madukani kwa jina la Snurfer. Miguu haikufungwa popote. Mtu alishika kamba iliyotoka kwenye ncha ya mbele, mengine akamwachia Mungu. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akafungua kiwanda chake huko Londonderry, humu humu Vermont, akitengeneza mbao zenye vifungio vya miguu. Kampuni hiyo ya Burton ndiyo yenye makao makuu hapa Burlington, na wengi wenu mnapita nje ya jengo lake bila kulitupia jicho.

Miguu ilipofungwa, likaja swali la kiatu, na watelezaji wakagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilichukua buti ngumu za plastiki, jamaa wa buti za ski. Fungu la pili likabaki na buti laini, zinazokunjika kifundoni, zikishikwa na kifungio chenye mikanda miwili na egemeo nyuma ya mguu. Mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Nagano mwaka 1998, mafungu yote mawili yalikuwepo. Wakenya tunaikumbuka Nagano kwa sababu ya Philip Boit na ski zake za masafa marefu. Lakini siku hizohizo Ross Rebagliati wa Kanada alitwaa dhahabu kwenye slalomu kubwa, mbio za watu wa buti ngumu, na Gian Simmen wa Uswisi akatwaa ya kwake kwenye mfereji wa michezo ya kuruka, uwanja wa watu wa buti laini. Tangu hapo buti laini zimetawala. Ingia duka lolote la kawaida Vermont au Maine, utakazokuta rafuni ni hizo.

Kwa nini ninayasema haya? Kwa sababu tatizo la upana ni tatizo la buti laini. Mtu wa buti ngumu huigeuza miguu yake mpaka karibu ielekee mbele, digrii 50 na zaidi, kwa hiyo ubao wake unaweza kuwa mwembamba, kiuno cha sentimita 20 au pungufu, na vidole visitokeze nje. Mtu wa buti laini anasimama kimshazari. Mguu wake unakatisha ubao kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na hapo ndipo urefu wa wayo unapokutana uso kwa uso na upana wa ubao.

Sasa sikilizeni kinachotokea. Ubao wa theluji hukata kona kwa kulazwa ubavu. Ukitaka kugeukia upande wa vidole, unakandamiza vidole, ukingo wa chuma wa upande huo unauma theluji, ule wa pili unanyanyuka. Kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo unavyoulaza zaidi. Ikiwa ncha ya buti imetokeza sana nje ya ukingo, inafika mahali buti ndiyo inayogusa theluji kabla ukingo haujamaliza kazi yake. Buti ikigusa, inageuka nyenzo inayouinua ukingo kutoka kwenye theluji. Ubao unaachia, na mtu anajikuta chini kifudifudi, anatema theluji, anauliza nani kamsukuma. Upande wa kisigino ni vilevile, ila huko anaangukia makalio. Na msidhani haya ni ya kwenye barafu tu. Kwenye theluji laini ukingo huzama, na ukizama, buti inafika chini mapema zaidi.

Ndiyo maana viwanda vinatengeneza mbao pana. Utazitambua kwa herufi W inayofuata urefu: 158W, 162W. Kipimo cha kutazama ni kiuno, yaani pale katikati ambapo ubao umebanwa. Ubao wa kawaida wa wanaume una kiuno cha takriban milimita 250 hadi 255. Kuanzia 260 kwenda juu, huo huitwa mpana. Kati ya hapo zipo za wastani, na kwa watu wengi hizo ndizo zinazotosha.

Lakini husimami kiunoni. Umesimama pale penye matundu ya skrubu za vifungio, na hapo ubao una upana wa karibu sentimita moja zaidi. Basi dukani omba rula, pima pale mguu utakapokaa. Muuzaji mzuri hatakucheka. Mwenye haraka mwache aende zake.

Turudi nyumbani, kwenye sakafu ya jikoni. Weka karatasi sakafuni, iguse ukuta. Mwambie kijana avae soksi moja, ile atakayotelezea, aegemeze kisigino ukutani, uzito wote juu ya mguu huo. Weka alama pale kidole kirefu kinapoishia, kiwe kidole gumba au cha pili. Pima kwa sentimita. Rudia mguu wa pili, kwa sababu miguu ni mapacha wasiofanana, na uchukue ule mrefu. Fanya hivyo jioni, miguu ikiwa imeshatembea kutwa na kutanuka kidogo. Kipimo hicho cha sentimita ndicho namba ya kweli ya buti ya theluji. Kinaitwa mondopointi, na utakiona kimeandikwa ndani ya ulimi wa buti: 27, 28, 29.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kijana anayevaa raba namba 11 ya Kimarekani anaona wayo wake una sentimita 28. Kwa buti ya theluji, 28 ni namba 10 ya wanaume. Raba tunazinunua na nafasi ya vidole kupumua. Buti ya theluji haitaki nafasi hiyo. Ukisimama wima ndani yake, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti kama unavyosimama kwenye ubao, vidole virudi nyuma na kisigino kibaki chini kimetulia. Kisigino kikinyanyuka, buti ni kubwa, hata kama inapendeza.

Na sisi tunaotoka nchi za joto tuna ugonjwa wetu: tunaogopa baridi, tunavaa soksi mbili, tunaongeza namba moja ili soksi ziingie. Matokeo yake ni mguu unaoogelea, damu iliyobanwa na mikunjo ya soksi, na baridi ileile tuliyoikimbia. Soksi moja ya sufu, isiyo nene sana, inatosha. Zaidi ya hayo, buti iliyozidi namba ni ndefu kwa nje pia. Inatokeza zaidi ukingoni, inagusa theluji, kijana anaanguka, halafu tunaambiwa tatizo ni ubao mwembamba. Tunanunua ubao mpana kutibu ugonjwa wa buti.

Basi nani hasa anahitaji ubao mpana? Tufanye hesabu kidogo, si ngumu. Chukua mtu mwenye wayo wa sentimita 29, namba 11 ya buti kwa wanaume. Akigeuza miguu digrii 15, kama wafanyavyo wengi, wayo wake unakatisha ubao kwa sentimita kama 28. Buti yenyewe inaongeza sentimita mbili tatu za soli na kitambaa. Kwenye ubao wa kawaida wenye sentimita 26 pale miguuni, buti itatokeza sentimita mbili hadi mbili na nusu kila upande. Hapo mtu anayekwenda taratibu atapona, anayelaza ubao kwa nguvu ataanguka. Kwenye ubao wenye sentimita 27 au zaidi pale miguuni, buti inatokeza sentimita mbili au pungufu. Hiyo inakubalika. Kutokeza sentimita moja hadi mbili kila upande si kasoro; ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo kuanzia wayo wa sentimita 29, tafuta ubao mpana. Kwenye 28 hadi 28 na nusu, jaribu wa wastani. Chini ya 28, ubao wa kawaida unakutosha, hata kama rafiki zako wote wana W.

Nasema hivi kwa kuwa upana una gharama yake. Kinacholaza ubao ni vidole na kisigino, na nguvu yao inafika vizuri pale vinapokaa juu ya ukingo au kuupita kidogo. Mwenye wayo wa sentimita 26 akipanda ubao wenye sentimita 27 miguuni, vidole vyake vinaishia ndani ya ubao. Anakandamiza, ubao unachelewa kuitika. Anakuwa kama mtoto aliyevaa kandambili za baba yake: anatembea, lakini kila hatua ni kazi. Jioni vifundo vinauma, na kwenye njia nyembamba kati ya miti, ambako unatakiwa ugeuke kushoto kulia kwa haraka, ubao wa namna hiyo ni hatari kwake na kwa wenzake.

Dada zangu, msiachwe nyuma katika hili. Mbao za wanawake huwa na viuno vyembamba zaidi, na mwanamke mwenye mguu mrefu mara nyingi hupewa ubao wa kike kwa sababu tu yeye ni mwanamke. Buti ya kike namba 10 ni sentimita 27, sawa na namba 9 ya kiume. Mguu wa namna hiyo unakaa vizuri kwenye ubao wa kawaida wa kiume. Ubao hauulizi jinsia. Unauliza urefu wa wayo na uzito wa mwili.

Na hapo kwenye uzito ndipo penye urefu wa ubao. Zamani watu walisimamisha ubao mbele yao, ukifika kati ya kidevu na pua wakasema umetosha. Ni mwanzo, lakini theluji haijui una urefu gani. Inajua una kilo ngapi. Kila ubao una jedwali la uzito kutoka kiwandani, fuata hilo. Ukichukua mpana, eneo linaloelea juu ya theluji limeshaongezeka, kwa hiyo unaweza kupunguza urefu sentimita mbili tatu bila hasara.

Baada ya upana na urefu inabaki aina, na ninayowapendekezea ni ubao wa mlima mzima. Huo ni ubao wa kila kazi: njia zilizosawazishwa na mashine asubuhi, theluji ya unga ikijaaliwa, na vilima vya kuruka kidogo mchana. Kule Utah au Colorado, ambako theluji ni kavu na nyingi, mtu anaweza kuchagua ubao wa kuelea. Sisi wa New England tuna theluji yetu. Inanyesha mvua usiku, asubuhi imeganda, mashine zinapuliza theluji ya kutengeneza juu yake, na kufika saa nane mchana njia inang'aa kama imepigwa deki. Hapa kinachotafutwa ni ukingo unaoshika.

Kwa hiyo ulaze ubao mezani uutazame ubavuni. Ukiona katikati pameinuka na unagusa meza karibu na ncha mbili, huo ukikanyagwa unasukuma kingo zake chini kwa urefu wote, na barafu unaishika. Ukiona katikati ndipo panapogusa na ncha ndizo zinazoinuka, huo ni mpole kwa mwanafunzi na mzuri kwenye unga, ila kwenye barafu unateleza kando. Zipo za mchanganyiko, zilizoinuka chini ya miguu na kukunjuka kwenye ncha, na kwa mtelezaji wa kawaida wa huku nadhani hizo ndizo za kwanza kutazama. Ugumu uwe wa kati. Viwanda huupima kwa namba 1 hadi 10, lakini kila kiwanda kina 10 yake, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili ukadhani umelinganisha mbao. Mbao pana huhisika ngumu kidogo mguuni. Mwanafunzi asikimbilie 8 wala 9.

Ubao ukishapatikana, kazi haijaisha. Vifungio navyo vina saizi, na buti kubwa haikai kwenye kifungio cha kati. Ukishavifunga, weka buti ndani, kaza mikanda, kisha ugeuze ubao chini juu. Tazama: vidole na visigino vitokeze sawasawa. Mara nyingi utakuta kisigino kimeingia ndani na vidole vimetoka kupita kiasi, na hapo mtu analia ubao ni mwembamba wakati dawa ni bisibisi. Legeza skrubu za duara lililo katikati ya kifungio, sogeza nusu sentimita kuelekea kisigino, kaza. Ikiwa bado, geuza mguu wa mbele zaidi kidogo. Wayo wa sentimita 29 ukigeuzwa digrii 30, urefu unaokatisha ubao unashuka hadi kama 25, ingawa upana wa mguu nao hudai haki yake. Mabadiliko hayo hayagharimu hata senti.

Na fedha nazo tuzizungumze, maana huku kodi ya nyumba haisubiri theluji iyeyuke. Ushauri wangu ni huu: fedha mpya itumie kwenye buti. Buti ya mtu mwingine imeshachukua umbo la mguu wake, na sponji yake ya ndani imeshalala. Ubao unaweza kuwa wa mitumba. Kila vuli shule, klabu na vituo vya kuteleza vya Vermont, Maine na New Hampshire hufanya magulio ya vifaa vilivyotumika, na mbao pana hupatikana huko, kwa kuwa wenye miguu mirefu ni wachache na wauzaji wanataka kuziondoa. Kabla ya kulipa, pitisha jicho kwenye kingo zote mbili: kutu kidogo inasafishika, chuma kilichopasuka au kuchomoka hakifai. Bonyeza pembeni uone kama matabaka hayaachani. Jaribu skrubu kwenye kila tundu.

Kama kijana bado anakua, usinunue kabisa. Maduka mengi hukodisha vifaa kwa msimu mzima, na mguu ukiongezeka mwezi wa Februari wanaweza kubadilisha. Kumnunulia mtoto ubao mpana ili aje aujaze baadaye ni kumwadhibu msimu huu kwa sababu ya msimu ujao.

La mwisho, kofia ngumu si hiari, na anayeanza avae vikinga vya kifundo cha mkono, maana anayeanguka hunyoosha mikono na mikono ndiyo inayovunjika. Na kabla hamjajaza gari mafuta, jueni mnakokwenda: Bolton Valley, hapa karibu, hufungua njia zake hata usiku, walio Lewiston wana kilima cha Lost Valley mlango wa pili, Auburn. Lakini Mad River Glen hawaruhusu ubao wa theluji hata kidogo, uwe mwembamba au mpana. Huko ni ski tu.

Wazazi wenzangu, jioni ya leo chukueni karatasi na rula. Mwiteni kijana, mpimeni miguu yote miwili, mwandikieni namba kwenye simu yake. Akifika dukani aanze na buti, aitaje namba hiyo kwa sentimita, kisha ndipo aulize habari za ubao. Ikiwa ni 29 na kuendelea, mnunulieni ule mpana bila kusita. Ikiwa ni pungufu, wa kawaida au wa wastani unamtosha.